Guza Breki

Nilianza kutafuta mahali pa kujifunza pikipiki siku mjane mmoja wa kule mteremkoni, chini ya Sigowet, aliponiacha nimesimama nje ya lango lake. Ng'ombe wake alikuwa ameshikwa na joto la kutaka dume. Alinipigia simu asubuhi na mapema, nikamwambia ninakuja. Kisha mvua ikashuka, watu wa boda wakajibanza chini ya vibanda, na yule mmoja aliyekubali kunibeba tukakwama naye matopeni nusu ya njia. Nilifika kesho yake, sketi imekauka udongo mwekundu hadi magotini.

"Daktari," aliniambia akiwa upande wa ndani wa lango, na siku hiyo neno hilo halikuwa la heshima, "ng'ombe ameshanyamaza. Sasa umekuja kumsalimia?"

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwapandisha ng'ombe kwa mbegu inayohifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali, na chama chetu cha maziwa ndicho kilichoniajiri. Alfajiri, kabla simu hazijaanza kulia, ninaandika riwaya. Ng'ombe hajui habari za riwaya. Akiingia joto ana saa chache tu, na zikipita, mkulima anangoja wiki tatu nyingine, akimlisha mnyama asiye na mimba na kumtazama kama anavyotazama mvua iliyopita bila kunyesha. Mwezi ule nilikuwa nimechelewa mara nne.

Katibu wa chama aliniita ofisini. Pikipiki ya chama ilikuwa pale pale nyuma ya kiti chake, imefunikwa gunia.

"Hii kitu inakaa hapa kama maiti," alisema. "Kamati inakaa mwisho wa mwezi ujao. Kama hujaweza kuendesha, kuna jamaa wa Mulot ako na cheti kama yako na anaendesha tangu zamani. Mimi nakupenda, lakini ng'ombe haingojangi mtu."

Wiki tano, basi. Kwenye simu nilipata tangazo la chuo kimoja cha udereva mjini Kericho: mafunzo ya pikipiki kwa wanaoanza. Nilipanda ngazi tatu hadi kwenye chumba chenye ramani ya barabara ukutani na vigari vya plastiki juu ya meza. Dada wa mapokezi aliandika jina langu kwa mwandiko mzuri, kisha akainua kichwa.

"Unajua kuendesha?"

"Hapana. Ndiyo nimekuja kujifunza."

"Eeh, lakini unajua kidogo?"

"Sijui hata kuiwasha."

Aliweka kalamu chini. "Sasa madam, utaanzaje na hujui? Watu wa pikipiki hukuja kama wanajua. Sisi tunawafundisha alama za barabara na tunawapeleka kwa mtihani."

"Lakini tangazo linasema wanaoanza."

"Wanaoanza mtihani," alisema, kwa upole kabisa.

Nilicheka nikishuka ngazi, na kabla sijafika chini kicheko kilikuwa kimeniishia. Hakuna mtu ninayemjua huku aliyewahi kufundishwa pikipiki. Wanaume wanaamka siku moja wanaijua, kama walivyoamka siku moja na sauti nzito. Nilipouliza kwenye stendi ya boda, mmoja alinijibu, "Daktari, hii haifundishwi. Unaanguka nayo mpaka mnazoeana," wenzake wakapiga tangi za pikipiki zao kwa viganja, wakishangilia. Lakini mkubwa wao, aliyekuwa akikaza mnyororo kando, alinielekeza kwa mzee mmoja aliyepeleka barua za shamba kubwa la chai kwa pikipiki maisha yake yote ya kazi, na sasa amestaafu. "Huyo ako na uvumilivu," alisema. "Alifundisha hata padre."

Nilimkuta akifunga ndama. Alikuwa mwembamba, na koti lake la mvua lilikuwa bado na alama ya mfuko wa barua begani. Alinisalimia, "Chamgei," nikamjibu kwa salamu hiyo moja ninayoijua, kisha tukaingia kwenye Kiswahili. Alinitazama miguu, si uso.

"Unatoka wapi?"

"Hapa hapa. Nimezaliwa kwa nyumba za wafanyakazi, shambani. Baba alikuwa kiwandani."

"Na kwenu-kwenu?"

"Ziwani."

Alitikisa kichwa. Swali hilo nimeulizwa tangu nikiwa mdogo, na kila mara jibu langu la kwanza huonekana kama nimesema uongo mdogo.

Alikubali. Tungekutana kila siku saa kumi jioni kwenye uwanja wa mpira wa shule, uliopakana na shamba la chai la jirani. Siku ya kwanza hakuniruhusu kuiwasha pikipiki yake. Niliisukuma kuzunguka uwanja mara sita, niujue uzito wake. Siku ya pili nilijifunza klachi: mkono wa kushoto uachie polepole, kama mtu anayemwachilia kuku aliyefungwa. Siku ya nne nilikwenda hatua ishirini bila kuzima injini, na nikapiga kelele ya furaha ambayo hata sasa naionea aibu. Mzee alikaa nyuma yangu, mikono juu ya mapaja, akizungumza karibu na sikio langu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Niliipenda.

Hapa ni lazima nieleze jambo. Huku bara, kugusa tunasema kuguza. Guza breki, yaani ibonyeze kidogo tu, isikamate. Na wenyeji wengi wa huku, Wakipsigisi, wazee hasa, hubadilisha herufi mbili mdomoni: g inakuwa k, b inakuwa p. Nimesikia hivyo tangu nizaliwe. Dukani, kanisani, kwenye mizani ya majani chai, nimesikia na nimeelewa, kama mtu anavyoelewa mama yake akizungumza huku anatafuna. Mtu yeyote wa Kericho angeelewa.

Jioni ya tisa tulikuwa kwenye gia ya pili. Niliteremka upande wa goli la chini kwa kasi kuliko siku zote, nyasi zikiwa na unyevu, na nikamsikia mzee nyuma yangu akisema kwa utulivu, "Kuza."

Mtu mwingine angeguza breki. Mimi ninayekaa alfajiri nzima nikipima neno moja kama dhahabu, nilisikia kukuza. Fanya iwe kubwa. Niliona hata uzuri wake: kuza mafuta, kuza mwendo, nani husema hivyo? Nikazungusha mkono wa kulia, wa mafuta.

"Kuza! Kuza!" Sasa alikuwa anapiga kelele. Nikakuza.

Tulipita kando ya goli, tukakata waya, tukaingia kwenye chai. Miti ya chai iliyokatwa vizuri ni migumu kama meza. Pikipiki ilipanda juu yake, ikasita, ikalala upande wa kulia, injini ikinguruma. Mistari kadhaa mbali, wanawake waliokuwa wakichuma walinyooka na vikapu mgongoni.

"Daktari!" mmoja akaita. "Huko hakuna ng'ombe!"

Walicheka mpaka walipomwona mzee. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya ekzosi. Tulimvuta wote pamoja. Suruali ilikuwa imeshikana na ngozi ya shavu la mguu. Yeye alikuwa anapumua tu kwa pua, kama mtu aliyebeba mzigo anayetafuta pa kuutua.

Ningeomba msamaha tu, nikanyamaza, ingetosha. Lakini hofu hunifanya nieleze mambo.

"Ulisema kuza," nilimwambia. "Mzee, si ulisema kuza?"

"Nilisema kuza. Kuza preki."

"Hapana, hiyo ni *guza*. Guza. Kuza ni kitu kingine."

Niliisema mara mbili, nikiitenga ile g vizuri, kama mwalimu ubaoni. Wanawake wa chai waliangaliana. Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Ahaa," alisema. Kisha akaketi juu ya tairi na kumwomba mmoja wao maji.

Jioni hiyo nilimpeleka zahanati kwa boda, wakamfunga kitambaa. Nilipomfikisha kwake nilimwambia, "Mzee, mimi sikukucheka."

"Najua," alisema. "Mngecheka, wewe na hao wamama, nami ningecheka. Mimi nimechekwa tangu darasa la kwanza. Mwalimu wetu alikuwa wa kwenu. Alikuwa anatusimamisha mbele tuseme baba, tuseme bata, darasa lote linaanguka chini. Hiyo nilizoea. Lakini wewe hukucheka. Wewe ulinisahihisha, na mguu wangu unaungua."

Sikulala vizuri siku zile. Nilihesabu: wiki mbili na siku tatu kabla ya kamati. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu, niseme ukweli, nilikuwa na wasiwasi kwamba nimempoteza mwalimu. Sikujua ni ipi iliyokuwa inanipeleka mlangoni kwake kila asubuhi kuuliza hali ya mguu. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "sisi tumekaa huko miaka thelathini na tano tukila chai yao. Lugha yao unajua maneno mangapi?"

"Ya salamu, Mama. Na ya shukrani."

"Mimi pia," alisema.

Siku ya sita mzee alinikuta uwanjani nikiwa nimekaa kando ya goli bila kujua kwa nini nimekuja. Alikuwa anachechemea, ameisukuma pikipiki mwenyewe, taa yake ya mbele imefungwa kwa mpira.

"Panda," alisema. "Lakini Kiswahili imeisha. Leo utasikia lugha ya hii udongo."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alipanda nyuma yangu na kuanzia hapo hakunipa neno hata moja ninalolijua. Mutyo, alisema, na niliposhindwa kuelewa alilisema tena, na tena, hadi nilipopunguza mwendo kwa kuchoka, naye akanigonga bega: ndiyo, hiyo. Polepole. Tonon, nikaendelea, tonon, nikaendelea bado, tonon, akaingiza mkono mbele yangu na kuzima injini. Simama. Nilihisi ujinga ukinipanda mwilini kama baridi. Miaka ishirini na saba nimeishi juu ya milima hii, nimeandika kurasa nzima kuhusu ukungu wake, na sikujua kumwambia mtu asimame.

Hakuwa mkarimu siku zile. Nilipokosea alitamka neno lile lile kwa sauti ile ile, bila kulirahisisha. Nilipojaribu kulirudia alinisikiliza, na wakati mwingine mdomo wake ulisogea kidogo pembeni. Nilijua ninalivunja. Hakunisahihisha hata mara moja, na nadhani alikuwa anataka nilione hilo. Nilipomshukuru kwa "kongoi" mwisho wa kila jioni, aliitikia kwa kichwa na kuondoka akivuta mguu. Sijui kama amenisamehe. Sikuwahi kumwuliza, kwa maana sikupata lugha ya kuulizia: Kiswahili alikuwa amenifungia, na Kikipsigisi changu hakikufika huko.

Lakini nilijua kuendesha. Mtihani nilifaulu kwa shida, nikiwa nimeizima injini mara moja mbele ya afisa. Kamati ilisimama nje ya ofisi ya chama, wanaume saba na mikono nyuma, wakanitazama nikizunguka mikebe ya maziwa na kurudi. Mmoja alisema ninaendesha kama anayebeba mayai. Katibu alisema hata mtungi wa mbegu unataka hivyo. Walinipa ufunguo kwa miezi mitatu ya majaribio. Jamaa wa Mulot, waliniambia, bado wana namba yake.

Simu ya kwanza ilikuja siku ya pili, kutoka kwa mkulima mmoja mwenye mvi anayekaa upande wa Soin, ambako barabara inaporomoka kutoka kwenye chai hadi kwenye mahindi na joto. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilifunga mtungi nyuma kwa mipira minne, nikavaa helmeti, nikakaa juu ya pikipiki dakika nzima bila kuiwasha. Vijana wa boda walikuwa chini ya kibanda chao, wananitazama. Safari hii hakuna aliyepiga tangi, na hilo liliniogopesha zaidi.

Sikumbuki sehemu kubwa ya njia. Nakumbuka gurudumu la nyuma likitaka kwenda kwake peke yake kwenye udongo, na meno yangu yamebanwa hadi taya ikauma. Nilianguka mara moja, taratibu, kwenye kona, nikiwa karibu nimesimama, mtungi haukumwagika. Nilifika saa kumi kasorobo, siku ile ile.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti wa mlangoni, mkia umeinuka kando, bado analia. Nilivaa glovu ndefu. Nilitoa mrija wa mbegu kwenye mtungi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na hapo ndipo nilipoona kwamba mkono wangu hautulii. Vidole vilivyokamata klachi njia nzima vilikuwa vinarukaruka vyenyewe. Nikijaribu hivyo ningeuangusha kwenye matope, na safari yote ingekuwa bure.

Mkulima alikuwa ameshika kamba. Alinitazama mimi, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi tena.

"Daktari, kati yenu ni nani anaogopa?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi pumzika kidogo," alisema, akikaza kamba. "Yeye bado yuko."

Nikaurudisha mrija ndani ya mtungi, nikaweka mkono ubavuni mwa ng'ombe, pale palipokuwa na joto, nikangoja.