Mora Zohra na Herufi Waliyoiita ya Kiarabu

Mama yangu mkubwa, Zohra Amzallag, ambaye shuleni huitwa Mora, yaani mwalimu kwa Kiebrania, alifundisha watoto wa Kiyahudi hapa Montreal mpaka nywele zikawa nyeupe zote, na hasira aliyoipata shuleni ule mwaka wa sabini na moja anayo hadi leo. Watu humwambia asahau. Yeye huwauliza asahau kipi, maana hakuna aliyewahi kuomba radhi.

Alizaliwa Meknes, Moroko, katika mtaa wa Wayahudi. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mwalimu wa kusoma. Alikuwa na chumba chini ya nyumba yao, watoto wakikaa humo kwenye mikeka wakisoma Taurati kwa sauti moja, na mpita njia akijua wamefika aya gani. Zohra alisikiliza kutoka jikoni huku akichambua dengu. Mtoto akikosea, yeye humsahihisha kwa sauti kutoka huko huko, hadi babu akachoka kupigiwa kelele pande mbili, akamwita akae ndani na wenzake. Alipokua akapelekwa chuo cha ualimu Kasablanka. Kisha Wayahudi wakaanza kuhama, huyu Ufaransa, yule Israeli, na sisi tukaja kwenye theluji.

Mumewe, Makhluf, akapata kazi kiwanda cha makoti. Zohra akaajiriwa katika shule ya Kiyahudi niliyosoma mimi. Shule ile ilijengwa na Wayahudi waliotoka Polandi na Lithuania baada ya vita, watu waliopoteza kila kitu kule na bado wakaanza na darasa kabla ya kujijengea nyumba. Hilo mama mkubwa hulisema kila mara, hata akiwa amekasirika. Asubuhi watoto walisoma dua, Kiebrania na Taurati. Mchana wakasoma Kifaransa, Kiingereza na hesabu. Zohra akapangiwa mchana. Kifaransa chake kilikuwa mali. Kiebrania chake kilikuwa aibu.

Sababu ilikuwa koo. Sisi wa Moroko tunazo herufi ambazo wenzetu wa Polandi walishazipoteza njiani zamani sana. Ayini tunaitoa chini kooni, na heti tunaivuta kama mtu anayepulizia kioo pumzi ya moto. Wao ayini hawaitamki kabisa, na heti wanaikwaruza. Hakuna ubaya, kila watu na baba zao. Lakini mwalimu mkuu, Bwana Karmazin, mtu mrefu mwenye tai nyembamba na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, aliamini kwamba namna yake ndiyo Kiebrania, na yetu ni ugonjwa uliotupata kwa kukaa na Waarabu. Alisema hivyo hivyo kwenye chumba cha walimu, kwa upole, huku akikoroga chai.

Siku moja mwalimu wa asubuhi wa darasa la nne akaenda kujifungua, na mwingine hakupatikana. Bwana Karmazin akampa Zohra darasa lile hadi mwisho wa mwaka. Wakati huo watoto wa Kimoroko walikuwa wengi humo, na wote walikuwa wamejifunza kusoma kwa kunong'ona, ili koo lisisikike. Mama mkubwa akaukomesha mnong'ono siku ya kwanza. Aliwaambia kila mtu asome kama baba yake anavyosoma mezani siku ya Sabato, wa Polandi Kipolandi, wa Moroko Kimoroko, ila yeye lazima aisikie kila herufi. Akawaonyesha kwamba neno la nuru na neno la ngozi yanatofautiana kwa herufi moja tu, ile ya kooni. Watoto wa Kipolandi wakafurahi sana, wakashinda wakijaribu kuitoa uwanjani, mmoja akajipalia hadi akapewa maji.

Katika darasa lile alikuwemo Mesodi Wizman, msichana mdogo wa miwani, asiyeongea sana. Babu yake, mzee Yaish, alikuwa msomaji wa sinagogi kule kwetu, na hapa alikaa karibu na jiko la joto akimsomesha mjukuu wake kila akitoka shule. Mesodi akisoma, maneno yalitoka moja moja yakiwa yameoshwa. Darasa zima lilijua hakuna anayemkaribia kwa kusoma. Ilipofika siku ya kusoma mbele ya wazazi, majira ya kuchipua, kila darasa likatakiwa kuchagua msomaji wake. Darasa la nne likamchagua yeye, na waliopiga kelele zaidi kumtaka ni wale watoto wa Kipolandi.

Mimi nilikuwa darasa la sita, nimekaa safu ya katikati. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa Bwana Karmazin, rabi mgeni na watu wa bodi. Mzee Yaish alikuwa nyuma karibu na mlango, kofia ya Sabato kichwani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Mesodi akapanda, akafungua kitabu, akaanza.

Alisoma aya ya kwanza yote. Katika ya pili, Bwana Karmazin akainua mkono.

"Samahani. Hebu rudia neno hilo."

Akalirudia.

"Hapana. Lirudie bila kukohoa."

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mesodi akalirudia tena vile vile, maana hakujua namna nyingine. Bwana Karmazin akatabasamu kuelekea kwa rabi mgeni kama anayemwomba amvumilie, halafu akamwambia mtoto, "Hapa tunasoma Kiebrania, binti. Kiarabu utamsomea babu nyumbani."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa. Mesodi akajaribu kuiruka ile herufi. Neno likavunjika, na lililofuata likavunjika, akanyamaza. Akabaki amesimama na kitabu wazi.

Mama mkubwa akainuka kwenye benchi la walimu. Hakupaza sauti.

"Bwana Karmazin, mtoto hakukosea."

"Mora Zohra, tutaongea ofisini."

"Tuongee hapa. Amechekwa hapa, sio ofisini."

Bwana Karmazin akampa mgongo. Akamwita mvulana wa darasa la tano, na yule mvulana akapanda akaanza kusoma wakati Mesodi bado hajashuka. Nilimwona msichana akipita pembeni akiutazama ukuta. Nilipogeuka nyuma, kiti cha mzee Yaish kilikuwa kitupu.

Yaliyosemwa ofisini tuliyasikia jioni ile jikoni kwake, kwa maana alitusimulia akiwa anakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Bwana Karmazin alimwambia kwamba hana chuki na mtu. Watoto hawa wataishi na watu wa hapa, wataoana nao, na yeye anawasaidia wasije wakachekwa. Mama mkubwa akamjibu kwamba aliyeanzisha kicheko ni yeye mwenyewe. Hapo mwalimu mkuu akavua miwani, akamwambia taratibu, "Mora, usisahau kwamba wewe ni mgeni kwetu." Naye akamuuliza, "Mgeni mpaka lini? Nipe tarehe nijiandae." Akaondolewa darasa la asubuhi siku ile ile. Arudi kwenye Kifaransa chake.

Makhluf alitaka aache kazi kabisa.

"Kuna shule nyingine, mke wangu. Hawa watu wanatia sukari kwenye samaki. Mtu anayetia sukari kwenye samaki atakuelewa nini?"

Tukacheka sote isipokuwa mama mkubwa. Akasema, "Nikitoka, atasema niliona aibu. Sitoki. Aibu si yangu."

Kesho yake akaenda kwa mzee Yaish. Alinichukua nimbebee biskuti za ufuta. Alitarajia kumkuta mzee amewaka moto, ili waende pamoja wakadai Mesodi aombwe radhi mbele ya wale wale waliocheka. Mzee alitukaribisha vizuri, akamimina chai ya nanaa, akauliza habari za nyumba nzima. Kisha akasema tuliache jambo hili.

"Binti yangu, nimeshamwambia mtoto asome kama wanavyotaka."

"Baba, wewe ndiye uliyemfundisha."

"Na nimemwambia asahau nilivyomfundisha. Tumehama, Zohra. Kule tulihama tukaacha nyumba na makaburi. Herufi moja ni kitu gani?"

Mama mkubwa hakumkatalia. Mtu wa umri ule humkatalii nyumbani kwake. Akanywa chai yake yote. Tulipofika njiani akasimama kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka, akalia kwa hasira, huku akiniuliza mimi, mtoto, kama nimeona mtu anavyoweza kumnyang'anya mzee kazi yake ya maisha kwa kucheka tu.

Mesodi aliendelea kuja shule. Lakini akiitwa kusoma alichezesha midomo tu, na mwalimu mpya alipomkaripia, midomo nayo ikafungwa.

Basi Zohra akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa Kimoroko. Wengi waliogopa. Wametupokea, walisema, watoto wetu wanasoma, tusilete maneno. Walimpa keki, wakabadilisha mazungumzo. Alikuwa karibu kukata tamaa alipofika kwa mama Ohayon, mwanamke mkali mwenye watoto wengi, ambaye kwanza alimsikiliza huku akikunja nguo kana kwamba hayamhusu. Halafu akaacha kukunja.

"Ijumaa iliyopita," akasema, "mume wangu anasoma dua ya mvinyo, mwanangu mdogo akamcheka. Mezani. Akamwambia, baba, usikohoe."

Hilo likapita nyumba zote haraka kuliko mama mkubwa angeweza kutembea. Kumbe halikuwa nyumba moja. Watoto walikuwa wanawacheka baba zao mbele ya mishumaa ya Sabato, na kila mama alidhani ni kwake tu, akanyamaza. Mkutano wa wazazi ulipofika kabla ya likizo, akina mama wale walikuja wote, na waume zao, na wengine na wakwe zao, wakajaza viti vya mbele ambavyo kwa kawaida hukaliwa na watu wa bodi. Mama Ohayon akasimama akasema neno moja tu la maana: "Tumewaleta watoto hapa wajifunze kumheshimu baba. Mnawafundisha kumcheka. Basi tuambieni kama hiyo ndiyo kazi ya shule, tuwachukue leo."

Bwana Karmazin akaanza kueleza habari ya usahihi wa lugha. Mwenyekiti wa bodi, mzee Zilberfarb, muuza makoti ya manyoya, akamkatiza.

"Mimi ni wa Lithuania," akasema. "Nilipokuwa mtoto tulihamia kwa hao Wapolandi wako, Karmazin. Kwetu 'sh' tunaisema 's'. Walinicheka mpaka nikaacha kuomba dua kwa sauti. Mpaka leo sinagogini naomba kimoyomoyo, mke wangu anadhani ni uchaji." Wazee wa Kipolandi wakacheka kidogo, halafu wakaacha. "Kila mtoto asome kama baba yake. Nimechoka, tuendelee na habari ya paa linalovuja."

Ikawa hivyo. Kuanzia mwaka uliofuata, watoto wakasoma kila mmoja kwa desturi ya kwao, na Zohra akapewa darasa la asubuhi, akalishika mpaka alipostaafu. Bwana Karmazin akawa anamsalimia vizuri sana kwenye korido. Hakumwomba radhi yeye, wala Mesodi, wala mzee Yaish. Alipostaafu naye, alifanyiwa sherehe, akasifiwa kwamba wakati wake ndipo shule ilifungua milango kwa Wayahudi wa Moroko. Mama mkubwa alikuwepo. Alisimama katikati ya hotuba, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele ili wamwone.

Ushindi ule haukumfikia Mesodi. Kabla ya likizo kwisha, wazazi wake walikuwa wameshamhamishia shule ya Waprotestanti, ambako hakuna Kiebrania cha kusoma vyema wala vibaya. Mzee Yaish alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mesodi sasa ni daktari wa meno, mtu mwema, tunaonana harusini. Watoto wake hawajui kusoma herufi zetu hata moja. Nilimuuliza mara moja, walipokuwa wadogo, kama angependa waje kwa mama mkubwa wafundishwe, akasema kwa adabu kwamba watoto wana piano na kuogelea.

Mwaka jana shule ikampigia mama mkubwa simu. Mkurugenzi wa sasa ni kijana mchangamfu, na anajivunia sana urithi wa Moroko. Wanaandaa jioni ya urithi huo, akasema, kutakuwa na kuskusi na ngoma, na wangefurahi mno kama Mora Zohra angekuja amevaa kaftani yake, awasomee watu kidogo kwa ile sauti nzuri ya zamani.

Nilikuwa jikoni kwake, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu masikio yake yamepungua.

"Mmemwalika Mesodi Wizman?" akauliza.

Tukasikia kijana akipekua karatasi. "Huyo ni nani, Mora?"

"Mwanafunzi wenu. Mlimkatiza katikati ya aya ya pili. Mwiteni amalize, mkae kimya, na mimi nitakuja na kaftani yoyote mnayotaka."

Yule kijana akasema atauliza ofisini. Hakupiga tena. Jioni ya urithi ikafanyika, ikapendeza, picha zake ziko ukutani pale shuleni, na mama mkubwa hayumo hata katika moja.