Turubai la Rangi ya Vumbi

Mume wangu aliponikimbia aliondoka na lori, akaniachia turubai lake. Alikwenda kuishi na Delfina, shoga yangu, ambaye mwanawe nilimsimamia ubatizo. Watu wa mtaa wetu, Iztapalapa, walinipa pole wiki moja, kisha wakarudi kununua nyanya kwenye meza ya Delfina gulioni.

Darasani sikukaa, lakini sindano naijua. Turubai lile lilikuwa zito, rangi ya vumbi la barabarani, si kijivu si kahawia. Nililikata vipande viwili. Kipande kimoja nilikitia kamba pembeni kiwe paa la meza yangu ya nyanya na pilipili pale gulioni. Cha pili nilianikia maharage, nikakitundika juu ya kitanda bati lilipovuja, na mvua ya mawe ikinikuta njiani na mkokoteni najifunika mwenyewe. Yule bwana hakuwahi kunifunika hivyo.

Gulio letu la Jumanne linajaza mtaa mzima, na mapaa yote ni mekundu. Ndiyo rangi ya chama cha Rutilio, mwenyekiti wa gulio. Nilipofunga langu mara ya kwanza, alikuja, Delfina yuko nyuma yake.

"Mama Chona, umechuna ngozi ya punda?"

"Ni turubai, mwenyekiti. Linazuia jua kama lako."

"Hapa ni jekundu tu. Jumanne ijayo ukija na hili, nafasi yako nampa Delfina atanue meza."

Delfina akacheka. "Mwonee huruma. Kazoea makombo."

"Makombo yangu ndiyo unayolala nayo, shoga," nikamjibu.

Lakini usiku sikulala. Meza ile ndiyo ilikuwa chakula changu, na pesa ya kununua jekundu sikuwa nayo.

Jumanne ikafika, nikafunga lile lile. Bi Herlinda, anayepika supu ya mahindi pale kona, alikuja kutaka pilipili. Kapuni alikuwa na nyanya alizotoka kununua kwa Delfina. Akazitazama, akaguna.

"We Chona! Mbona zimepauka? Sasa hivi zilikuwa nyekundu kama midomo ya bibi harusi!"

"Hazijapauka, mama. Zimetoka chini ya paa jekundu, basi."

Akachukua moja, akaipeleka chini ya paa la jirani: ikaiva. Akairudisha kwangu: ikawa mbichi. Akaenda tena, akarudi tena, na wanawake wakaanza kujaa na makapu yao. Sisi wauzaji siku zote tulijua kuwa jekundu huficha ubichi. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kupigania rangi nyingine.

Rutilio akaja mbio, akafungua kamba ya kwanza. Bi Herlinda akaidaka.

"Fungua, mwanangu. Mimi nitashika. Nataka mahali pa kuona ninachokula."

Mwingine akadaka ya pili. Rutilio aliyatazama makapu yale yote, nusu yake bado matupu, na gulio bila makapu ni barabara tu.

"Haya, shikeni mpaka mchoke!" akasema, akaondoka.

Hawakungoja kuchoka. Walizifunga kamba, nami nikakaza mafundo.

Jua lilipopanda akaja Delfina mwenyewe, mtandio umeshuka usoni.

"Nichagulie nyanya, za nyumbani," akanong'ona.

Sijamsamehe, na sitamsamehe. Nilimchagulia zilizoiva, nikampimia sawasawa, nikamtoza bei ya kila mtu.