Samaki Wanane Kutoka Isebania

Nikiikumbuka ile siku niliyobeba samaki wanane kutoka Isebania hadi Rangwe, mwanangu, moyo bado unanidunda kama vile nimewateremsha sasa hivi. Keti kidogo. Hadithi yenyewe si ndefu, ila ina maji mengi.

Nilikuwa kijana wa biashara ndogondogo pale soko la Rangwe. Niliuza ndoo, redio za mitumba, vioo, chochote ambacho mtu angekubali kununua. Na kila kitu nilikihesabu mara mbili, hata mayai niliyopewa bure na shangazi yangu.

Sasa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu, Mwalimu Ouma, alikuwa ameletewa tangi la kioo na mfadhili fulani. Tangi lilikaa tupu darasani muhula mzima. Akaniambia nimtafutie samaki wa rangi, maana watoto wamechoka kutazama kioo. Nikamwahidi kwamba wiki haitaisha kabla hajawapata.

Isebania, mpakani na Tanzania, nikampata mtu anayewauza ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa. Mwanangu, rangi zile! Buluu iliyoiva, mkia wa njano kama alizeti. Wengine rangi ya chungwa, na mistari myeupe kama wamechorwa kwa rula. Mimi nilikuwa nimezoea samaki wa rangi ya sufuria. Miguu ilitaka kucheza, lakini uso niliukaza, kwa sababu ukimwonyesha muuzaji kwamba umependa, umekwisha. Nikamshusha bei, nikaondoka kama nimekasirika, akaniita, nikamshusha tena.

Mifuko miwili, wanne kwa kila mfuko. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Juu ya kila mfuko palibandikwa karatasi: SAMAKI WA MAJI YASIYO NA CHUMVI. Nayo nikaisoma mara mbili. Maji yenyewe sikuyafikiria hata kidogo. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hana mazoea ya kushuku maji. Kwetu unayachota, unayanywa, unayaoga, na samaki wanatoka humo humo.

Nilifika Rangwe jua likiwa limepanda vizuri, nikifuatwa na watu kama bwana harusi. Mwalimu Ouma aliwatazama samaki mpaka akasahau kunisalimia, kisha akakimbilia shuleni kuleta ndoo safi. Nami, ili nifurahishe umati, nikafungua mfuko mmoja. Maji yake niliyamimina kwenye sufuria, maana nilikuwa nimeyalipia na sikuona sababu ya kuyamwaga. Wale wanne nikawatia kwenye beseni la maji mazuri ya ziwa. Watu wakapiga vigelegele.

Jirani yangu hapo sokoni alikuwa Mama Apiyo, mama mzee wa Sindo aliyeuza samaki wakavu. Yeye hakupiga kigelegele. Alilisogelea beseni, akakunja uso.

"Okoth, samaki wako wanalala."

Nikamwambia wamechoka na safari. Lakini mmoja alikuwa amegeuka ubavu, mwingine anahema juu ya maji kama mtu aliyepanda mlima. Mama Apiyo akatia kidole kwenye ile sufuria, akaonja.

"Haya maji iko na chumvi."

Nikacheka. Nikamwambia chumvi hiyo ni ya mikono yake, ya samaki anaowapaka kutwa nzima. Hakubishana. Akaosha mikono kwa sabuni, akaifuta, akaonja mara ya pili, kisha akanisogezea sufuria. "Wewe si ndiye wa kurudia hesabu? Onja."

Nikaonja. Mwanangu, ilikuwa bahari. Hawa walikuwa samaki wa bahari, wamebandikwa jina la ziwa, na mimi nilikuwa nawaua kwa maji matamu mbele ya umati.

Basi tukawa mbio! Mama Apiyo na kawa, mimi na viganja, tukawarudisha wote wanne kwenye sufuria. Muuza chai akaacha birika linafurika akaja kutazama. Wawili walijinyoosha, wakaanza kuogelea. Wawili hawakuamka tena. Nikawahesabu wote, wa sufuria na wa mfuko uliobaki. Sita. Nikarudia, nikitumaini hesabu ya pili itakuwa na huruma. Sita.

Hapo ndipo Mwalimu Ouma alipotokea kwa mbali, ndoo mkononi, anakaribia kukimbia. Nami nikafanya jambo ambalo sikulisimulia kwa miaka mingi. Niliuchukua ule mfuko ambao haujafunguliwa, wenye karatasi yake nzuri, nikaufuta vumbi. Wanne hai, na maandishi si yangu. Wakifia shuleni, nitasema hata mimi nilidanganywa.

Mama Apiyo akanishika mkono. Hakupaza sauti.

"Nyathina, mwanangu, kutoka Isebania mpaka hapa, uliyedanganywa ni wewe. Kutoka hapa mpaka shuleni, mwongo atakuwa wewe."

Nikauweka mfuko chini. Mwalimu alipofika nikamweleza yote, hata ile ya kufuta vumbi. Akainama juu ya sufuria, akawatazama waliobaki. Kisha akauliza, "Sasa hawa sita wataishi wapi?" Mtu aliyekuwa karibu kudanganywa, na swali lake la kwanza likawa hilo.

Tukampigia simu Bwana Salim, mzaliwa wa pwani mwenye duka la vitambaa Homa Bay mjini, ambaye alifuga samaki wa bahari dukani kwake. Alifika haraka, akaukumbatia ule mfuko kama amekutana na watu wa kwao. Wote sita waliishi.

Na tangi la watoto? Mama Apiyo aliuliza kwa nini nilikwenda hadi mpakani kutafuta rangi. Siku ya tatu akaletewa kutoka Sindo ndoo ya fulu, vile visamaki vidogo vya ziwa letu ambavyo tunavila bila hata kuvitazama. Tukavimimina kwenye kioo. Mwanangu, buluu, nyekundu, njano iliyowaka! Watoto walipiga kelele mpaka madarasa mengine yakaja. Nilivihesabu mara mbili, nikapata hesabu mbili tofauti, na sikujali.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Karatasi isome, lakini onja na maji. Ukidanganywa, huo uwe mwisho wa uongo, usiupitishe kwa mwingine kwa sababu tu hukuuandika wewe. Na kabla ya kufunga safari ya mbali, fungua macho utazame kilicho kwenye ziwa lako.

Mungu akupe jirani mkali kama Mama Apiyo, na wateja wenye moyo wa Mwalimu Ouma. Akubariki katika kutoka kwako na katika kurudi kwako, na kila utakachokibeba kifike kikiwa hai.