Milango Miwili ya Lori Moja

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa sifa ninazo. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu alinituma kuni, nikaziuza njiani, na sikurudi kuulizwa. Nimeuza chumvi Mabamba kwa kikombe. Nimesukuma mikungu ya ndizi kwa baiskeli mpaka mpira wa ndani ukakataa viraka, nikajaza tairi majani, safari ikaendelea. Nimesimama mpakani nikaona watu wakivuka na magodoro kichwani tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake tena, mpaka pori nililokuwa nikilijua likawa mji. Baada ya hayo, anishangaze nani, na kwa kitu gani? Baiskeli ilinitoa jasho miaka kumi na mmoja, na jasho lile nikalinunulia lori. Lori moja. Msomaji ashike hilo, maana mimi mwenyewe nilikuja kulisahau.

Lori nililikuta mlango wa kushoto umeoza. Kwenye bonde moja la njia ya Kasulu kulikuwa na gari lililoanguka zamani. Nikang'oa mlango wake, nikaufunga kwangu. Basi mlango wa dereva ukawa wa bluu, wa abiria ukawa wa kijani. Kichwa chenyewe kilishapauka kikawa rangi ya vumbi. Mke wangu alisema gari limevaa viatu vya watu wawili. Nikamwambia, mwenye viatu hacheki, anayecheka ni wa peku.

Miaka ile ya tisini kazi ilikuwa ya makambi. Shirika moja lililohudumia wakimbizi lilikuwa na ofisi mbili, Kibondo na Kasulu, na kila ofisi iliita malori ya watu binafsi: leo kubeba miti na nyasi za kujengea, kesho kupokea watu mpakani. Walikuwa na orodha ya matajiri, ndivyo wanavyotuita wenye magari hata kama tajiri amelala njaa. Jina langu lilikuwamo. Jina likitoka kwenye orodha ile, lori lingekaa uani kuku walitagie mayai, na mimi nirudi kusukuma baiskeli nikiwa na mvi. Hapakuwa na kazi nyingine ya kulisha gari milimani kule.

Mwanzoni ofisi mbili zile ziliongea kwa simu ya upepo. Mtu anapiga kelele Kibondo, mwenzake anapiga kelele Kasulu, katikati panakaangwa mahindi. Ukichelewa ulisema daraja, na likawa daraja kweli, maana nani atalikagua hewani? Mtu alikuwa na pa kupumulia.

Halafu zikaja kompyuta.

Karani wa Kibondo alikuwa binti wa mjini hapo hapo, baba yake mwenye duka la vitambaa, mtoto mwenye adabu na vidole vyepesi. Ndiye aliyenionyesha. Kompyuta ya Kibondo ilifungwa kwenye simu ya upepo, ya Kasulu vilevile, na mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, zilipigiana mbinja kama ndege, zikapeana barua. Nikasema sawa, redio imejifunza kuandika. Sikushangaa.

Baada ya hapo fundi akawa anakuja kutoka Dar na disketi, na kila disketi ilileta jambo jipya. Ya kwanza ilileta barua moja kwenda kwa watu wote kwa mkupuo. Ya pili ikaleta ukurasa wa malori: ofisi mbili zinaandika ukurasa huo huo mmoja, Kibondo akiongeza mstari, Kasulu anauona alasiri.

"Shikamoo, tajiri," binti akaniita siku ile, amefurahi kama aliyeota jino. "Njoo ujione humu."

Akanisomea. Jina langu, lori la bluu, Kibondo. Chini yake jina langu tena, lori la kijani, Kasulu.

Nikaelewa papo hapo. Kibanda cha mlinzi wa Kibondo kiko upande wa dereva unapoingia. Cha Kasulu kiko upande wa pili. Masika yale kibao cha namba kilikuwa donge la tope, na walinzi waliandika walichokiona, yaani mlango.

"Hongera," akasema binti. "Kumbe yako mawili, na unajinyamazia!"

Nami nikanyamaza.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa kwingine ataniita mwongo. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Baba yangu alichunga Munanila, na zizini mwake walilala ng'ombe wa watu aliopewa awatunze, na wa kwake walilala kwa watu. Mgeni akisema, "Una kundi kubwa," baba alitazama milima. Hakukubali, hakukana. Ukikana umejitukana, ukikubali umewaroga ng'ombe wako. Mtu akikuhesabia wengi kuliko ulio nao, hilo ni neno lake, wewe hulichukui wala hulirudishi. Nimelelewa hivyo. Basi binti aliponihesabia malori, nikatazama dirishani, kulikokuwa na kilima.

Nakiri pia kwamba ilipendeza. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba ofisini nina malori mawili.

"Basi moja likalete chumvi," akasema, "hili jingine halijaleta."

Miezi miwili haikutokea kitu. Kibondo waliniita siku zao, Kasulu siku zao, nikakimbia huku na huku, bluu huku kijani kule. Ndipo ikaja disketi ya tatu.

Disketi hiyo iliufundisha ukurasa kupanga kazi wenyewe. Unaandika una nini na unataka nini, nao unagawa malori kwa siku. Gari lisipofika, mstari unageuka mwekundu, tajiri anakatwa pesa, na akipata mistari mitatu myekundu jina lake linafunikwa wino hadi mwaka unaofuata. Binti alinieleza kama mtu anayesifia bwana harusi. "Na una kengele! Saa ya gari kufika ikipita, unalia wenyewe."

Jumatatu ya kwanza ukurasa ulipeleka lori la bluu Mabamba kupokea watu, na lori la kijani Muyama kupakia miti. Saa mbili asubuhi, yote mawili.

Kati ya Mabamba na Muyama ni nusu siku kwa barabara kavu, na haikuwa kavu. Nilipakia watu Mabamba, nikawashusha kambini, nikaligeuza gari kuelekea Kasulu kama mwenye kufukuzwa na nyuki. Nilifika Muyama jua likiwa limelala juu ya vilima. Wakata miti walikuwa wamekwenda zao. Amebaki mzee mmoja amekaa juu ya magogo.

"Mwakeye," akaniamkia, salamu ya asubuhi, kwa makusudi kabisa.

Mstari mwekundu wa kwanza.

Asubuhi nikaenda kwa binti, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli. Ni jambo gumu kwa mwanaume kusema "ninalo moja" baada ya kukaa na mawili.

Akaziba mdomo. Alicheka kwa mabega tu. "Baba, sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniambia."

"Haya. Nikufutie basi." Akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ukabadilika. "Haikubali. Mstari ameuandika Kasulu, anaufuta Kasulu mwenyewe."

"Lakini uko hapa! Naona jina langu."

"Tunauona, hatuugusi."

Nikasogeza kidole kwenye kioo, pale penye neno kijani. Kioo kilikuwa na joto, na neno halikutikisika. Nimeshabishana na askari wa kizuizi, nimebishana na mto uliofurika, vyote vina sikio fulani. Kile hakikuwa na sikio.

Akaita Kasulu kwa simu ya upepo ile ya zamani. Mkuu wa usafiri wa Kasulu alikuwa mtu wa sauti nene, mpole, wa kuongea polepole.

"Tajiri, mambo gani haya?" akaunguruma. "Ova."

"Lori la kijani halipo, mkuu. Ni hili hili la bluu. Ova."

"Halipo vipi, nami nimeliona kwa macho yangu mawili hapa getini? Ova."

"Uliona mlango! Tazama namba. Ova."

"Namba ilikuwa tope. Rangi haikuwa tope." Akakohoa. "Tajiri, tuambiane ukweli kama wanaume. Umelipeleka shirika jingine, siyo? Wanalipa zaidi. Usinifanye mtoto. Lilete Alhamisi. Ova na mwisho."

Binti akanitazama. "Anadhani unalificha."

"Nalificha wapi? Chini ya kitanda?"

"Si umpelekee ajionee? Akilizunguka ataelewa."

Ushauri mzuri. Ila Alhamisi hiyo hiyo ukurasa ulikuwa umelipanga la bluu Kibondo. Nikienda Kasulu kuonyesha kwamba mawili ni moja, la bluu litakuwa halikufika. Ili nithibitishe kwamba sikosi, sharti nikose. Tuliukodolea macho ukurasa mimi na binti, yeye kidato cha nne, mimi darasa la nne, na hakuna kati yetu aliyeona njia.

"Subiri wiki ijayo," akasema.

"Wiki ijayo Jumatatu tumepangwa wapi?"

Akashuka na kidole. "Kotekote."

Basi nikaenda Alhamisi. Nyuma yangu, kengele ikalia Kibondo. Binti aliniambia baadaye kwamba aliifunika kompyuta kwa khanga, ikaendelea kulia. Mstari wa pili.

Getini Kasulu mlinzi alichungulia, akaandika: kijani, imefika. Nikamshika mkono kwa upole, nikamwomba atoke kibandani aje upande wangu. Akaja. Akauona mlango wa bluu. Akarudi, akatazama wa kijani. Akafunga daftari lake, akaenda kumwita mkuu.

Mkuu wa usafiri alilizunguka lori langu mara tatu, mikono nyuma, kama mtu anayezunguka kaburi. Mara ya tatu akagonga mlango wa kijani kwa kifundo cha kidole.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nakulaumu kwa kuniletea bovu na kuwapa Kibondo zima."

"Nisamehe, mkuu. Lifute tu."

Akaniingiza ofisini. Nilikaa kwenye kiti cha chuma, nikajisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akabonyeza. Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

"Disketi ya nne imeingia jana," akasema.

Nikasogeza kiti karibu.

"Imetuletea ulinzi. Watu walikuwa wanafuta magari yenye kazi, safari zinapotea. Sasa lori likishapangiwa kazi halifutiki mpaka kazi yake iishe." Akanigeuzia kioo nione, ingawa alijua sisomi vizuri. "La kijani lina safari tisa mpaka mwisho wa mwezi."

"Lakini halipo."

"Halipo, nimeshaona. Ukurasa ndio haujaona."

"Andika barua Dar."

"Nimewahi kuandika. Wakanijibu kwamba hii ni faida." Alinihurumia kweli, mtu yule, aliniagizia chai. "Una mistari miwili, tajiri. Ukikosa mmoja tu, jina linajifunika, na hilo nalo siwezi kulifunua. Tafuta lori la kijani."

Nikakaa pale na kikombe. Mimi niliyejaza tairi majani nikafika. Nilitafuta kichwani nimpe nani rushwa, nimlilie nani, nimtishe nani, na kila mlango niliofungua ndani yake alikuwamo mtu mwema asiyeweza kitu.

Kasulu mjini kulikuwa na mfanyabiashara wa mafuta ya kula, mwenye ndugu Tanga, mwenye lori jeupe safi kama kanzu yake. Nikaenda kumkodi.

"Safari tisa nimekubali, sheikh wangu," akasema. "Ila hilo la mlango sijalisikia vizuri."

"Mlinzi ameandikiwa kijani. Jeupe halipiti."

"Kupaka rangi lori la mtu ni kama kumpaka wanja mke wa mtu."

"Mlango mmoja. Wa kushoto tu. Nitaurudishia weupe wake."

Akauliza kwa nini mtu mwenye lori moja anaumwa na la pili. Nikatazama nje. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilitazama mlima.

Mlango niliupaka mwenyewe, kwa brashi ya chokaa, mbele ya duka lake, watoto wa madrasa wakinihesabia mistari. Lori lile likaenda safari zote tisa, mimi nikiwa ndani, la bluu nikiwa nimemwachia utingo wangu kule Kibondo. Kila lilipoingia getini mlinzi aliandika kijani, imefika, bila kunitazama usoni, naye mkuu akiwa dirishani alininyanyulia mkono kama tunaofiwa pamoja. Siku ya mwisho ya mwezi akabonyeza, mstari ukafutika, jina langu likabaki na lori moja la bluu. Binti wa Kibondo alipouona ukurasa alasiri akanipigia makofi.

Lori lile nililiuza zamani, sasa nina mengine, mangapi, haikuhusu. Lakini lile ambalo halikuwahi kuwako ndilo pekee ninaloweza kulitolea hesabu yote: kukodi safari tisa, elfu arobaini na tano kila moja, rangi ya kijani elfu sita na mia tano, rangi nyeupe ya kurudishia elfu saba, na mistari miwili myekundu, niliyokatwa elfu kumi na tano kila mmoja. Jumla shilingi laki nne, elfu arobaini na nane na mia tano.