Eduwiges, muuguzi asiyedanganywa na tumbo

Saa tatu asubuhi, Eduwiges Buitimea anabonyeza taratibu tumbo la mchunga ng'ombe ambaye bado ana vumbi la ranchi kwenye nyusi. Rosendo Valenzuela amebanwa na fahali kwenye ua wa mbao, lakini mdomo wake haujapata hata mkwaruzo.

"Nipe kidonge nirudi kazini, dada. Mbona fahali mwenyewe hajaletwa hospitali?"

"Fahali ana adabu. Wapi panauma?"

"Mbavu. Na bega la kushoto."

"Bega nalo lilipigwa?"

"Wala halikuguswa."

Mkono wa Eduwiges unasita. Bega kuuma bila kuguswa ni dalili kwamba huenda damu inavuja ndani, chini ya mbavu. Anamwita Daktari Ochoa, mpasuaji wa zamu.

Kipimo cha altrasaundi kinaonyesha weusi kando ya bandama: damu. Picha za CT zinathibitisha kwamba bandama limechanika, ila halimwagi damu kwa kasi. Presha ya Rosendo imetulia.

"Hatumpasui," daktari anaamua. "Tutamchunga. Chumba cha upasuaji kikae tayari."

Mke wa Rosendo, Chayito, anakuja juu. "Mnangoja afe ndipo mumpasue?"

Eduwiges anamshika mkono. "Mama, bandama humkinga na magonjwa. Likiweza kujiponya, tuliache. Likishindwa, tunaingia hapohapo. Mimi sibanduki."

Ana sababu. Katika mji huu mdogo wa jimbo la Sonora, kaskazini mwa Mexico, kaka yake Nicanor aliwahi kupigwa teke la tumbo na nyumbu. "Tulimkanda kwa mafuta, tukamwambia alale," anasimulia muuguzi huyo mwenye umri wa miaka 51. "Hakuamka. Mwaka uliofuata nikaenda kusomea uuguzi."

Alasiri, mapigo ya moyo ya Rosendo yanapanda. Jasho linamtoka usoni. Chayito anashika rozari. Timu ya upasuaji inanawa mikono. Daktari anarudia altrasaundi: damu haijaongezeka. Anashusha kipimo chini zaidi, kisha anaguna.

"Bwana, kibofu cha mkojo kimejaa pomoni! Mbona hukusema?"

Rosendo anatazama ukuta. "Ningemwambiaje dada huyu?"

Chupa inaletwa, pazia linavutwa. Muda si mrefu mapigo yanashuka. Chayito anacheka huku machozi yakimtiririka. "Mjinga wewe! Fahali kashindwa kukuua, unataka kufa kwa aibu?"

Siku ya tano, Rosendo anaruhusiwa kwenda nyumbani bila mshono hata mmoja, japo farasi wake ataendelea kumtazama kwa mbali, bila kupandwa, hadi daktari atakaporidhika.

Jumapili Eduwiges atakwenda kwenye ranchi anakofanya kazi Rosendo. Wachunga ng'ombe wamekubali kumsikiliza kabla ya kuchoma nyama. Anataka kuzunguka ranchi zote za bonde hilo.

"Nitawaambia mtu akipigwa tumboni wasimkande, wasimwache alale," anasema akivaa glavu mpya, kwani king'ora cha ambulensi kinasikika getini. "Wamlete, hata kama anacheka."