Tangazo Lililosomwa Mara Moja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema, ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wasafiri. Wako watu ambao wakiona mizigo imepangwa gatini, moyo unawachezea kwa furaha. Mimi sanduku langu likitolewa tu chini ya kitanda, nalirudisha kwa mguu. Hadi nilipofika miaka thelathini na nne nilikuwa sijalala nje ya mji wetu wa Mahajanga zaidi ya siku tatu, na hizo tatu nilizilala Boanamary, kwa ndugu za mama, ambako ukipanda mahali pa juu unaiona njia ya kurudi.

Kisha ukaja uhuru. Wafaransa wengine wakafunga mizigo na viti vyao vikabaki wazi. Kimoja kilikuwa cha mkuu wa redio yetu ndogo ya mji. Mimi nilikuwa karani wa kupokea matangazo, mwenye elimu ya sekondari, mwandiko wa kupendeza na suti moja. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, macho yao yakaishia kwangu. Basi nikawa mkubwa. Usidhani redio yenyewe ilikuwa jumba. Ilikuwa vyumba viwili, mlingoti uani, na feni iliyolazimika kuzimwa kila mtangazaji alipofungua mdomo, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wameandika barua kuuliza mbona habari za serikali zinasomwa ndani ya mashua ya injini.

Watu wetu walisikiliza mambo mengi kwa nusu sikio, lakini matangazo ya misiba hawakuyachezea. Yalianza saa sita na nusu mchana, kwa Kimalagasi kwanza, kisha kwa Kingazija. Fulani wa mahali fulani amefariki, anazikwa leo, jamaa walioko mahali fulani wajue. Muda huo hata kijiko hakikugonga sahani. Zamani kila msiba ulisomwa siku tatu. Mimi, mkubwa mpya, nilitaka kuonyesha kwamba kiti kimepata mwenyewe, nikaandika amri na kuibandika ukutani: kila msiba utasomwa mara moja tu.

"Redio si baraza la msikiti," niliwaambia.

Mtangazaji wetu wa misiba, mzee ambaye angeweza kuwa mjomba wangu, aliisoma amri ile huku amevaa miwani, akaisoma tena bila miwani. "Na mtu akiwa shambani siku hiyo, mkubwa?"

"Jirani atamwambia."

"Na akiwa safarini?"

Nilikuwa na barua za kutia saini. Nikachukua kalamu.

Mwaka huohuo ikaja barua kutoka mji mkuu. Watu wa kisiwa cha Nosy Be wanalalamika kwamba mchana hawatusikii. Mkuu wa redio aende mwenyewe na redio ya betri, azunguke kisiwa wiki tatu, aandike wapi tunasikika na wapi hatusikiki. Niliisoma barua ile nikaona kama imeandikwa na adui.

Mama alikuwa anaumwa. Miguu ilikuwa imemvimba, na hakuweza tena kulala chali. Alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, kama sultani asiye na watumwa. Mimi sikuwa nimeoa, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Mahabibo tulikuwa watatu tu: mama, dada yangu mdogo na mimi. Nilikuwa na ombi moja kwa Mungu, nalo halikuwa kubwa: mama akiondoka, niwepo. Nimshike mkono, nibebe jeneza, nishuke kaburini kumpokea kama mtoto wa kiume anavyompokea mama yake. Nikamwambia mama kwamba nitaikataa safari.

"Nenda," akasema. "Mtu mzima unalia kwa kuvushwa maji?"

"Na wewe?"

"Mimi nitakwenda wapi na miguu hii?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikapatana na dada yangu kwamba asihangaike na simu ya maandishi, inayoweza kulala posta siku nne. Mimi kila mchana nitakuwa nimeweka sikio redioni, ndiyo kazi niliyotumwa. Mama akizidiwa, au likitokea lolote, apeleke tangazo redioni.

"Lolote?" akauliza.

"Lolote. Na nisiposikia kitu, nitajua mama yuko salama."

Mazungumzo haya nayaandika kwa Kiswahili, lakini hayakusemwa hivyo. Nyumbani tulisema Kingazija, na huko nje Kimalagasi cha pwani, na Kifaransa mbele ya wenye tai. Kiswahili nilirithi kwa babu, aliyekuwa nacho cha chuo cha Kurani na cha bandarini.

Nosy Be nilipanga chumba kwa mjane mmoja mwenye asili ya Ngazija, karibu na bandari. Kisiwa kizima kilinuka maua ya langilangi, harufu nzuri kwa siku mbili. Siku ya tatu unaona kama umefungiwa ndani ya sanduku la bibi harusi. Kila siku nilidamka kwenda sehemu nyingine, na ikifika saa sita na nusu nilikaa chini, nikafungua redio, nikaandika daftarini: inasikika vizuri, inakwaruza, inakuja na kuondoka. Kisha misiba ikaanza, nami kalamu nikaiweka. Nilisikiliza bila kupumua hadi jina la mwisho. Sijui ni watu wangapi wamewahi kumshukuru Mungu kwa kusikia majina ya wafu wa wenzao. Mimi nilimshukuru siku kumi na moja mfululizo, kisha nikala samaki.

Hakuna upweke kama wa mtu asiyejua kusafiri. Msafiri hodari akifika mahali anapata marafiki, mimi nilipata mbu. Jioni nilikaa kibarazani nikiwatazama watu wakiitana majina. Aliyenisemesha ni yule mjane tu, naye alinisemesha kwa utani.

"Bwana Redio," aliniita. "Umetoka Mahajanga kuja kusikiliza Mahajanga. Si ungekaa kulekule ukasikiliza kwa karibu?"

Au nikirudi nimeungua jua: "Mtazameni. Serikali imemtuma kuwinda sauti, amerudi na pua nyekundu."

Nilijifanya simjali. Kusema kweli, nilikuwa nikirudi mapema ili nisikose dozi yangu ya utani.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne, nilikwenda Ambatoloaka. Wakati ule palikuwa na vibanda vya wavuvi na nyavu zimeanikwa, hakuna hoteli hata moja. Nyuma yake kuna kilima. Saa sita na nusu nikafungua redio: mvumo, kama mafuta yanayochemka. Nikaigeuza. Nikaipandisha juu ya ngalawa. Nikaiweka kichwani, wanawake waliokuwa wakiparua samaki wakacheka hadi visu vikawaanguka. Hakuna kitu. Na mimi, badala ya kuhuzunika, nilifurahi, maana siku kumi na moja zote sikuwa nimepata kasoro ya maana ya kuandika, na mkaguzi asiyeona kasoro kubwa anaonekana alikwenda kutembea. Nikaandika kwa herufi kubwa: AMBATOLOAKA, KIMYA KABISA. Nikanywa dafu, nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikasubiri utani wangu wa siku. Akasema, "Umekula, mwanangu?" Basi.

Toka siku hiyo mambo yakabadilika. Chai ikaja na maziwa. Chumba changu kikafagiliwa kabla sijaamka vizuri. Duka la mtaani, ambalo mwenyewe alizoea kunihudumia bila kuinua kichwa, sasa nikiingia alisimama. Ijumaa msikitini imamu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu, na watu wote wakaitikia. Nikaelewa. Heshima yangu ilikuwa imefika. Habari kwamba mkuu wa redio yuko kisiwani zilikuwa zimewaingia, ingawa zilichelewa kidogo. Nikanunua kofia mpya ya kudarizi, nikaanza kutembea polepole, kama mtu anayejua anatazamwa.

Na kila mchana nilisikiliza misiba, na mama hakutajwa.

Kitu kimoja kiliniudhi. Mjane alikuwa hanitanii tena, halafu akaanza kunifukuza.

"Kazi haina mwisho, mwanangu. Rudi kwenu."

"Bado siku chache."

"Watu wa nyumbani wanakuhitaji."

"Nyumbani kuko salama. Ningesikia."

Akaingia ndani. Kesho yake akasema tena, "Kuna tishari la kwenda Antsahampano, ng'ambo ya bara, asubuhi. Wewe panda tu." Nikaumia. Kumbe amenichoka. Basi mimi, ambaye maisha yangu yote sikutaka ila kurudi nyumbani, nikakaa siku tano zaidi kwa kiburi, nikazunguka vijiji nilivyokwisha kuvizunguka, ili tu mwanamke yule asijue kwamba amenifukuza nikafukuzika.

Jumatano nikafunga sanduku. Mjane alinisindikiza gatini, amebeba kikapu cha mikate aliyonipikia. Tishari hufuata maji, maana maji yakitoka Antsahampano hapaingiliki, na siku ile maji yalikuwa yanakwenda mbio na foleni ilikuwa ndefu. Nikasimama nyuma ya watu thelathini hivi. Karani wa tiketi akaniona, akaniita kwa mkono.

"Mpisheni huyo," akawaambia watu. "Mfiwa hapangi foleni."

Watu wakasogea upande. Mimi nikageuka nyuma kumtazama huyo mfiwa. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

"Bwana, umenifananisha," nikamwambia.

"Wewe si wa redio ya Mahajanga?"

"Ndimi."

Karani akamtazama mjane. Mjane akaweka kikapu chini, akavuta mtandio mdomoni. Sikuhitaji tena kuuliza, lakini niliuliza.

"Nani?"

"Mama yako, mwanangu. Jumanne ile uliyokwenda Ambatoloaka."

"Mlijua?"

"Mji mzima ulisikia. Siku ile ilikuwa safi, kama mtu anasomea uani kwangu. Ukaja unapiga mluzi, nikajua wewe hukusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Msafiri haambiwi," akasema, kama mtu anavyosema moto unaunguza. "Msafiri anarudishwa kwao, akaambiwe na walio wake, palipo na mtu wa kumshika. Nimekurudisha, hukurudi."

Na kweli, ndiyo desturi. Hata mimi ningefanya hivyo. Nilishafanya, tena zaidi ya mara moja: nimewahi kumtazama mtu usoni, nikamkaribisha chai, nikajua jambo asilolijua yeye kuhusu nyumba yake. Ila sikuwa nimewahi kuwa upande wa kunywa hiyo chai.

Kwenye tishari watu waliniachia nafasi ya watu watatu. Nilikaa katikati ya nafasi ile na kofia yangu mpya nimeikunja mkononi. Kutoka Antsahampano nilipanda lori, kisha lori jingine, barabara ya vumbi siku tatu, na kila tulipoteremka kula niliwaona watu wakicheka, nikawa najiuliza kama nao wananificha kitu.

Nilifika Mahajanga Jumamosi alasiri. Nilitazamia kusikia Kurani kabla sijafika mlangoni. Nyumba ilikuwa kimya. Hitima ya siku ya tatu ilikwisha, ya saba ilikwisha. Mikeka ya kuazima ilikuwa imerudishwa, masufuria makubwa yamerudishwa. Jirani alinipa pole uchochoroni, kisha, bila kukaa sana, akaniambia mchele umekuwa adimu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kulia wiki moja na nusu kabla.

Dada yangu alikuwa uani, anapeta mchele. Hakuinuka.

"Umekuja," akasema.

"Sikusikia. Siku hiyo nilikuwa Ambatoloaka. Kuna kilima, kinazuia."

"Watu wa Ambanja walisikia, wakaja. Watu wa Nosy Be walisikia, wakatuma salamu za pole. Tulikaa tukingoja neno lako, hata simu ya mstari mmoja. Siku ya saba nikawaambia watu kazi imekushika. Niliona haya kusema, lakini nikasema."

"Ni kilima, Wallahi."

"Kilima," akasema, akarusha mchele, akaudaka. "Siku ya pili nilirudi redioni. Nikamwambia yule mzee, asome tena, huenda kaka hakupata. Alilia, yule mzee. Akanionyesha karatasi ukutani. Akasema angeweza kuivunja kwa mama wa mtu mwingine yeyote, lakini kwa mama wa mkubwa mwenyewe watu watasema wakubwa wana misiba ya siku mbili."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Nikakaa chini, hapohapo.

"Alisema nini?" nikauliza baadaye. "Mama."

"Asubuhi ile alitaka redio iwashwe. Akili zilikuwa zinakuja na kuondoka, akadhani ni wewe unayesema mle ndani. Akasema, mwambieni apunguze sauti, kichwa kinaniuma. Nikapunguza. Akalala."

Hapo ndipo ningepaswa kulia, lakini machozi hayakuja. Nilikuwa nimekaa vumbini na suti yangu moja, nikiwaza kwamba hakuna mtu wa kulia naye. Wote walikuwa wamelia pamoja, wakala pamoja, wakatawanyika. Msiba wangu ulikuwa unaanza leo na watu wake walikuwa wamekwisha kwenda. Nikamwambia dada yangu hivyo, kwa maneno mabaya zaidi kuliko haya.

Alipeta kidogo. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Mimi nimekwisha, kaka," akasema. "Hata ukinikamua halitoki tone. Lakini mchele wa kuchagua bado ni mwingi, na sina pa kwenda. Wewe anza tu. Mimi nipo hapa."

Akavuta kibao chake karibu na mimi, akaendelea kuchagua mawe.