Tulipoiita Mvua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila niikumbukapo kinywa hunikauka. Andika kama ninavyotamka, usinipambe.

Nilikuwa na miaka thelathini, sina mvi hata moja, nakaa Thamesmead, mtaa wa London, jirani na rafiki yangu Yona. Tulifungwa pamoja kule Kongo kwa kusambaza karatasi za kuipinga serikali. Sisi tuliotoka gereza lile hatukulitaja. Tulisema, "wakati wa mvua." Aliyepigwa, amenyeshewa; aliyekufa, amechukuliwa na mto. Hata utani tulifanya: Yona akichelewa kuamka, nilimgongea nikimwambia atoke, leo kumekauka. Wake zetu hawakuuliza.

Kisha Yona akanyimwa hifadhi ya ukimbizi. Akakata rufaa, nami nikawa shahidi wake wa pekee. Akishindwa, anarudishwa Kongo kwa wale wale waliotufunga.

Hakimu aliniuliza niliona nini. Nikajibu kwamba mvua ilitunyeshea miezi saba. Akauliza tena, kwa upole. Nikasema ilikuwa mvua ya mawe. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, maana ndiyo kazi yake. Mara ya tatu nikarudia mvua ile ile. Yona akainamisha kichwa, na hakimu akatupa dakika kumi za kupumzika.

Mama Nsimire, mjane wa mwenzetu aliyefia gerezani, alikuwa ameketi nyuma akisikiliza, bado amevaa sare yake ya kusafisha ofisi. Alinifuata hadi kwenye korido.

"Baba Amani," aliniambia, "mume wangu hakuuawa na mvua. Aliuawa na watu. Wewe unamficha nani?"

Nikaanza kujitetea kwamba ndivyo tulivyozoea kusema. Akanikatiza: "Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio cha leo kitakuwa cha mke wa Yona."

Nilirudi ndani nikaomba kusema tena.

"Askari wa gereza walimpiga Yona nyayo kwa nyaya," nilisema. "Mimi ndiye niliyeshika miguu yake. Waliniambia nikiiachia, zamu ni yangu. Sikuiachia."

Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Usinitazame hivyo, mwanangu, andika.

Katika treni ya kurudi, Yona aliketi kando yangu. Akasema, "Walinifunga macho, lakini mikono yako niliijua. Miaka yote hii nilingoja useme."

Baada ya wiki kadhaa barua ilikuja. Aliruhusiwa kubaki.

Basi sikia. Anayesimulia mateso yake kwa mafumbo usimcheke, wala usimvue kwa nguvu. Fumbo humsaidia mtu kubeba kisichobebeka. Lakini siku uhai wa mwenzako utakapotegemea ulimi wako, taja jambo kwa jina lake, na uanze na fungu lako wewe. Mimi nilijificha nyuma ya mvua, na nusura nimzike rafiki yangu akiwa hai.

Mungu akupe ulimi usiokimbia aibu. Akujalie na rafiki wa kukungoja, hata pale usipostahili kungojwa.